Matege chini ya jua la Ikweta: Jinsi ya kujipatia vitamini D na kuilinda mifupa

MKAZI wa Nairobi yuko digrii moja na ushei tu kusini mwa Ikweta. Jua humchomozea na kumtulia karibu saa zile zile mwaka nenda mwaka rudi, wala hakuna majira ya baridi kali ya kumfungia ndani kwa miezi kadhaa kama yanavyowafungia watu wa Ulaya kaskazini. Kwa hesabu ya haraka haraka, vitamini D, ambayo mwili wa binadamu hujitengenezea wenyewe kwa nguvu za jua, ni kitu ambacho Mkenya hangestahili kukikosa kamwe.

Ukweli ni mwingine. Mnamo 2017, watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanyiwa watoto katika mtaa mmoja wa mabanda mjini hapa nchini. Walipata watoto 21 wa umri wa kati ya miezi mitatu na miezi 24 waliokuwa na ugonjwa wa mifupa laini, ambao Waswahili huuita matege. Asilimia 71 ya watoto hao walikuwa na vitamini D chini ya nanomoli 30 katika lita moja ya maji ya damu, kiwango ambacho wataalamu hukihesabu kuwa ni upungufu halisi. Zaidi ya nusu yao walikuwa wamechelewa kukua kiakili na kimwili ikilinganishwa na watoto wa rika lao.

Jina lenyewe la ugonjwa huu limewapotosha wazazi wengi. Tege ni mguu uliopinda, na kwa hivyo mzazi husubiri aone mguu umepinda ndipo ashtuke. Lakini katika watoto hao 21, waliokuwa na dalili za miguuni walikuwa asilimia 19 pekee. Wote, bila kubakiza hata mmoja, walikuwa na vifundo vya mikono vilivyopanuka. Asilimia 90 walikuwa na vijinundu mbavuni, vimejipanga mithili ya shanga za tasbihi. Sababu si ngumu kuielewa. Mguu hupindwa na uzito wa mwili, na mtoto wa miezi saba ambaye hajasimama hana uzito wowote anaoutwika miguu yake. Mifupa yake imekwisha kulainika, ila hakuna kitu cha kuipinda.

Ili kuelewa jinsi upungufu huo unavyodhuru, yafaa kutazama mfupa unavyojengwa. Wasomaji waliolelewa mashambani wanaijua nyumba ya udongo. Kwanza huchimbiwa nguzo na kufungwa fito, kisha ukuta hukandikwa udongo, nao udongo ukikauka nyumba husimama imara. Mfupa hujengwa vivyo hivyo. Fito zake ni nyuzi za protini ziitwazo kolajeni, na udongo wake ni madini ya kalsiamu na fosforasi. Mtoto mwenye matege ni nyumba iliyofungwa fito ikakosa kukandikwa. Fito zipo na zinaendelea kurefuka, lakini udongo haujafika, na nyumba hiyo huyumba kila upepo unapovuma.

Vitamini D si udongo wenyewe. Kazi yake ni ile ya mbebaji anayeutoa udongo shimoni na kuuleta ukutani. Miale ya jua ya urujuanimno, ile ya aina ya B, inapoipiga ngozi, hubadilisha mafuta fulani yaliyomo humo kuwa vitamini D. Vitamini hiyo husafiri katika damu hadi kwenye ini, ambako hubadilishwa mara ya kwanza, kisha hadi kwenye figo, ambako hubadilishwa mara ya pili na kuwa homoni kamili. Homoni hiyo ndiyo huuamuru utumbo ufyonze kalsiamu kutoka kwenye chakula. Inapokosekana, utumbo hufyonza takriban asilimia 10 hadi 15 tu ya kalsiamu iliyoliwa, na nyingine hutoka na choo. Mtoto anaweza kunyweshwa maziwa kila siku na bado mifupa yake ikalia njaa.

Madhara hayaishii kwenye umbo la miguu. Kalsiamu ikishuka sana katika damu, mtoto anaweza kupatwa na kifafa cha ghafla au moyo wake kudhoofika. Mbavu laini humfanya ashindwe kupumua vizuri anaposhikwa na nimonia. Na mtoto wa kike aliyeugua matege bila kutibiwa huenda nyonga zake zikabana, na miaka 20 baadaye atakapokuwa katika uchungu wa kuzaa, njia ikawa nyembamba kwa mwanawe kupita. Ndiposa haifai kuuona ugonjwa huu kama jambo la sura tu, la kuwafanya watoto wachekwe shuleni.

<b>Kivuli cha miji</b>

Kwamba matege ni ugonjwa wa kivuli si ugunduzi wa leo. Mnamo 1822, daktari wa Poland, Jędrzej Śniadecki, aliandika kwamba watoto wa mji wa Warsaw waliugua sana ilhali wale wa vijijini walisalimika, akashauri watoto wapelekwe juani. Karibu miaka 100 ilipita kabla ya ushauri huo kuthibitishwa. Mnamo 1919, Kurt Huldschinsky aliwatibu watoto wenye matege mjini Berlin kwa kuwamulika kwa taa ya miale ya urujuanimno. Mwaka huo huo, Edward Mellanby wa Uingereza alionyesha kwamba mafuta ya ini la samaki aina ya chewa wa bahari za kaskazini yaliwaponya mbwa waliokuwa na ugonjwa huo, na mnamo 1922 Mmarekani Elmer McCollum akakitambua kiini kilichomo katika mafuta hayo na kukiita vitamini D. Watoto walioponywa walikuwa wa vichochoro vyembamba, vya nyumba zilizosongamana chini ya moshi wa viwanda.

Msomaji aliyewahi kuingia mtaa wa Pipeline kule Embakasi hahitaji kuelezwa vichochoro hivyo vilifananaje. Majumba ya ghorofa saba, nane au zaidi yamesimama yakitazamana kwa karibu kiasi kwamba vyumba vya orofa za chini huwashwa taa mchana. Mama anayefanya kibarua humwacha mtoto kwa mlezi, ambaye pengine ana watoto 10 au 15 katika chumba kimoja, na hathubutu kuwatoa nje kwa hofu ya magari, maji taka au kupotelewa na mtoto wa mwenyewe. Jua lipo juu ya paa, lakini halishuki hadi pale mtoto alipo. Zaidi ya hayo, uwanja ambao ungekuwa wa watoto kuchezea aghalabu umekwisha kunyakuliwa na kujengwa ghorofa nyingine. Sioni kwa nini ruhusa za ujenzi hazihesabiwi kuwa suala la afya ya umma, maadamu ukuta unaomzibia mtoto jua unaweza kumlemaza.

Takwimu za bara letu zinaelekea upande huo huo. Mnamo 2020, watafiti walioongozwa na Reagan Mogire, wa mpango wa utafiti wa KEMRI na Wellcome mjini Kilifi, walikusanya matokeo ya tafiti nyingi kutoka Afrika nzima. Waligundua kwamba takriban asilimia 34 ya waliopimwa walikuwa chini ya nanomoli 50, na asilimia 18 hivi walikuwa chini ya 30. Wakazi wa mijini walikuwa na viwango vya chini kuliko wa vijijini, na wanawake kuliko wanaume. Hata hivyo, hofu isipitilize. Watafiti hao walipowachunguza zaidi ya watoto wadogo 4,000 wa Kenya, Uganda, Burkina Faso, Gambia na Afrika Kusini, waliokuwa chini ya nanomoli 50 hawakufika mmoja kati ya kila 10. Upungufu hauko kila mahali. Umejikusanya mahali maalumu, nako ni kule ambako jua halifiki mwilini.

Ni kiwango kipi basi ambacho mwili wa Mwafrika hukifikia ukiachwa uishi kama ulivyozoea? Mnamo 2012, kulichapishwa vipimo vya Wamaasai na Wahadzabe wa Tanzania, watu wanaoshinda nje mchana kutwa. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115, zaidi ya maradufu ya kile kinachohesabiwa kuwa cha kutosha. Hawakuwa wakimeza vidonge vyovyote. Ikumbukwe pia kwamba hawakai juani kama chuma kilichoachwa nje. Jua likiwa kali mno, nao hutafuta kivuli.

<b>Jua lipi, na kwa muda gani?</b>

Hapa kuna desturi moja inayohitaji kurekebishwa. Akina mama wengi huambiwa wawaoteshe watoto jua la asubuhi na mapema, saa moja au saa mbili, kwa kuwa ni laini. Jua hilo humpasha mtoto joto na kumchangamsha, lakini halimpi vitamini D nyingi. Jua likiwa chini, miale yake hupenya hewa kwa mshazari na kusafiri mwendo mrefu, na ile ya aina ya B ndiyo inayochujwa kwanza.

Kipimo rahisi ni kivuli chako mwenyewe. Kivuli kikiwa kirefu kuliko wewe, ngozi yako haitengenezi vitamini D ya maana. Kikiwa kifupi kuliko wewe, kazi inaendelea. Katika maeneo yaliyo karibu na Ikweta, kivuli huanza kuwa kifupi mwendo wa saa tatu na nusu asubuhi, na huanza tena kurefuka kupita kimo cha mtu mwendo wa saa tisa na nusu alasiri. Mtu mzima anayetoka nje karibu na mwanzo au mwisho wa muda huo, mikono na miguu ikiwa wazi, kwa nusu saa hivi mara kadhaa kwa juma, atapata vitamini D ya kutosha bila kuunguzwa na jua la saa sita. Ngozi nyeusi ina melanini nyingi, ambayo ni mwavuli wa asili, na kwa hivyo huhitaji muda mrefu mara kadhaa kuliko ngozi ya Mzungu. Makala ya kigeni yanayotaja dakika tano au 10 hayakuandikiwa sisi.

Kioo cha dirisha huzuia miale ya aina ya B. Anayekaa ofisini karibu na dirisha, au dereva wa matatu ambaye mkono wake unachomwa na jua kupitia kioo kilichofungwa, hapati chochote ila joto. Mtoto aliyevikwa boshori, soksi na blanketi mbili kisha akapakatwa uani naye hapati kitu. Mzee wa miaka 70 ngozi yake imekonda na hutengeneza sehemu ndogo tu ya ile ya kijana, ingawa wanaketi kwenye benchi moja.

Wanawake wavaao buibui wakati wote watokapo nje wamo pia katika orodha ya walio hatarini. Nchi za Ghuba, zenye jua kali, zina upungufu mkubwa wa vitamini D kwa sababu ya mavazi pamoja na maisha ya ndani ya nyumba zenye viyoyozi. Suluhisho halitaki mtu aache stara yake. Ua wa nyumba uliozungushiwa ukuta, ambamo mwanamke anaweza kufua na kuanika akiwa na kanga tu, unatosha kabisa. Wanaoishi katika vyumba vya kupanga visivyo na ua ndio wanaohitaji kutafuta njia nyingine, nayo huwa ni vidonge.

Kwa watu wenye ulemavu wa ngozi, yaani albino, ushauri wa kuota jua usitumike hata kidogo. Ngozi yao haina kinga, na saratani ya ngozi huwaua mapema. Wao watafute vitamini D katika chakula na dawa. Watoto wachanga nao wasianikwe kama nafaka. Dakika chache zinatosha, kichwa na uso vikiwa vimekingwa, na ngozi isiachwe kuwa nyekundu wala kuwa ya moto.

<b>Chungu nacho kina kazi</b>

Chakula cha asili chenye vitamini D si kingi. Samaki wenye mafuta kama simu na jodari wanayo, na pia ini na kiini cha yai, lakini mayai mawili kwa siku hayafikii hata nusu ya mahitaji ya mtu mzima, ambayo ni maikrogramu 15, au vipimo 600 vya kimataifa. Uyoga una tabia ya ajabu. Ukikatwa vipande na kuanikwa juani, hutengeneza vitamini D kama ngozi ya binadamu, na wakulima wadogo wanaokuza uyoga wa mamama gizani wangefanya vyema kuuanika adhuhuri kabla ya kuuza. Maziwa ya mama, pamoja na sifa zake zote, yana vitamini D kidogo mno. Hiyo si sababu ya kuacha kunyonyesha. Ni sababu ya kumwongezea mtoto matone.

Serikali ya Kenya ililazimisha mnamo 2012 kwamba unga wa mahindi na wa ngano uongezwe virutubishi, na mafuta ya kupikia yaongezwe vitamini A. Vitamini D haikuwekwa katika orodha hiyo.

Lakini kosa kubwa litokeapo watu wanapozungumzia mifupa ni kudhani kwamba jua likipatikana, kazi imekwisha. Mbebaji akifika shimoni na kukuta hakuna udongo, atarudi mikono mitupu. Jambo hili lilidhihirika nchini Nigeria. Mnamo 1999, Tom Thacher na wenzake walichapisha matokeo ya watoto 123 wenye matege katika mji wa Jos. Watoto hao walikuwa wakicheza juani, na wengi wao hawakuwa na upungufu mkubwa wa vitamini D. Walichokosa ni kalsiamu, kwa kuwa chakula chao kilikuwa cha nafaka, bila maziwa. Waliopewa kalsiamu, iwe peke yake au pamoja na vitamini D, walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D pekee. Katika utafiti wa baadaye huko huko Nigeria, watoto walipewa ama chokaa iliyosagwa na kupimwa, ama samaki waliosagwa pamoja na miiba yao, na makundi yote mawili yakapata nafuu.

Habari hiyo inatuhusu moja kwa moja, kwani samaki wanaoliwa na miiba yao tunao: omena. Kinyume na tilapia, ambaye tunakula nyama na kutupa mifupa, omena huliwa mzima, kichwa na mifupa, na hapo ndipo kalsiamu ilipo. Bei yake ni nafuu kuliko samaki wengine wote wa Ziwa Victoria. Akikaushwa vizuri, akasagwa na kuchanganywa katika uji wa mtoto, humpa kalsiamu pamoja na protini. Harufu huwasumbua wengi. Ndimu kidogo na kukaanga kabla ya kusaga huipunguza.

Wimbi ndilo nafaka lenye kalsiamu nyingi kupita nafaka zetu zote, takriban miligramu 340 katika gramu 100. Mahindi hayana hata sehemu ndogo ya hiyo, na bado ndiyo tunayoyala asubuhi, mchana na jioni. Tatizo la nafaka ni asidi ya fitiki, ambayo hushikana na kalsiamu na kuizuia isifyonzwe. Bibi zetu, ambao hawakusikia lolote kuhusu fitiki, waliroweka unga na kuuacha uchachuke usiku kucha kabla ya kupika uji, na uchachushaji huo ndio unaoivunja asidi hiyo. Uji mkali si ladha tu.

Upande wa mboga, sukuma wiki inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Kalsiamu yake hufyonzwa kwa urahisi, hata kuliko ya maziwa, kwa kuwa haina oksaleti nyingi. Mchicha wa kizungu, ule tuuitao spinachi, una kalsiamu ya kuvutia ukiipima maabara, lakini imefungwa na oksaleti na takriban asilimia tano tu ndiyo hufyonzwa. Maziwa mabichi yaliyochemshwa, maziwa mala na mursik yote hutoa karibu miligramu 300 katika bilauri moja. Mtu mzima huhitaji miligramu 1,000 kwa siku, na mwanamke aliyepita miaka 50 huhitaji 1,200.

Supu ya mifupa, ambayo wanaume wa miji yetu huinywa alfajiri wakiamini inaimarisha magoti, ina kalsiamu haba. Madini hayo hayayeyuki kirahisi katika maji ya moto. Hubaki kwenye mfupa unaotupiwa mbwa. Supu ina utamu wake na chumvi yake, na chumvi ikizidi hufanya kalsiamu itoke zaidi na mkojo. Kuna pia ule udongo mgumu uuzwao masokoni kwa akina mama waja wazito, ambao Waluo huuita odowa. Wapo wanaodai huongeza kalsiamu. Usilinganishwe na chokaa iliyotumiwa Nigeria, ambayo ilipimwa na kusimamiwa na madaktari. Udongo huo huzuia damu isipate chuma, na mama mjamzito mwenye upungufu wa damu ana hatari nyingi tosha.

<b>Mifupa ya watu wazima</b>

Katika uzee huja ugonjwa mwingine, ambao mifupa hupungua fito na udongo kwa pamoja mpaka kuta zinakuwa nyembamba. Wanawake huathirika zaidi, kwani homoni ya kike inayoilinda mifupa hushuka hedhi inapokoma, na katika miaka mitano hadi saba inayofuata mwanamke anaweza kupoteza hadi sehemu moja ya tano ya uzito wa mifupa yake. Dalili haipo hadi siku anapoteleza bafuni na kuvunjika nyonga.

Dawa ya asili iliyo muhimu hapa ni mzigo. Mfupa husikia uzito unaoubeba na kujiimarisha kulingana nao. Wanaanga, ambao huelea bila uzito, hupoteza takriban asilimia moja ya mifupa yao kila mwezi ingawa wanalishwa vizuri. Mchezaji wa tenisi ana mfupa mnene zaidi katika mkono ule ashikao raketi. Kutembea, kupanda ngazi, kulima na kucheza ngoma vyote vinafaa, na kwa mzee, mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja huku akishikilia kiti humpunguzia uwezekano wa kuanguka. Kuogelea na kuendesha baiskeli hufaa moyo, lakini mifupa haipati mzigo. Sigara na pombe nyingi huimomonyoa.

Na vidonge? Mtu mzima mwenye afya asidhani kwamba vitamini D ikiwa nzuri, nyingi ni bora zaidi. Nchini Marekani, watu wazima 25,871 walifuatiliwa kwa miaka mitano hivi, nusu yao wakipewa vipimo 2,000 kila siku. Matokeo yaliyochapishwa 2022 yalionyesha kwamba hawakuvunjika mifupa kwa uchache kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Asiye na upungufu hana cha kujaziwa. Mnamo 2024, chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani kilishauri kwamba watu wazima wenye afya wasipimwe kiwango cha vitamini D kwa mazoea tu. Msomaji anayeshawishiwa na maabara ya mjini kulipia kipimo hicho bila dalili yoyote anaweza kununua omena kwa pesa hizo.

Isitoshe, vitamini D huhifadhiwa katika mafuta ya mwili na inaweza kurundikana hadi ikawa sumu. Katika miaka ya 1950, Uingereza ilikuwa imeongeza vitamini hiyo katika maziwa ya unga na vyakula vingi vya watoto kwa pamoja, na baadhi ya watoto wakaugua kutokana na kalsiamu kuzidi katika damu. Kwa watu wazima, kikomo kinachokubalika bila usimamizi wa daktari ni vipimo 4,000 kwa siku.

Lakini kwa mtoto ambaye amekwisha kuugua, jua na omena havitoshi. Makubaliano ya wataalamu wa kimataifa ya mwaka wa 2016 yanaagiza kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja mwenye matege apewe vipimo 2,000 vya vitamini D kila siku kwa muda usiopungua siku 90, pamoja na miligramu 500 za kalsiamu. Makubaliano hayo hayo yanapendekeza kila mtoto mchanga, hata asiyeugua, apewe vipimo 400 kwa siku tangu kuzaliwa hadi atimize mwaka. Dawa ipo na hupatikana kwa matone. Wanaotumia dawa za kifafa kama fenobabito nao wamweleze daktari, kwa kuwa dawa hizo huivunja vitamini D upesi. Wasiziache kwa hiari yao.

Si kila mguu uliopinda ni matege. Watoto wengi huwa na miguu iliyopinda kidogo hadi umri wa miaka miwili, kisha ikanyooka yenyewe. Na katika sehemu za Bonde la Ufa, hasa pande za Nakuru na Naivasha, maji ya visima yana floridi nyingi, ambayo huyatia meno rangi ya kahawia na, ikizidi kwa miaka, hulemaza mifupa. Kuyachemsha maji hayo hakusaidii, kwani maji hupungua na floridi ikabaki. Kinachosaidia ni vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambavyo vimetengenezwa Nakuru kwa miaka mingi.

Mzazi aliye na shaka atazame mambo manne: vifundo vya mikono kama vimepanuka, mbavu kama zina vijinundu, utosi kama umechelewa kufunga, na meno kama yamechelewa kuota. Mtoto hupelekwa kliniki kudungwa chanjo ya surua akiwa na miezi tisa, na tena akiwa na miezi 18, umri ule ule ambao ugonjwa huu hujitokeza. Muuguzi akimaliza kudunga sindano, mwombe amshike mtoto vifundo vya mikono na ampapase mbavu. Kazi hiyo haichukui dakika moja, na haihitaji mashine.